Kufukua historia ya neno: "school", shule, skuli na chuo

Neno la kuanzia lisiwe gumu. Wanaoanza kazi hii hupenda maneno marefu ya kitabuni wakidhani ndiyo yenye historia, kumbe mengi yake yana safari fupi: yaliundwa karne moja au mbili zilizopita kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, yakabaki na maana ileile. Neno lenye mambo ni lile linalotamkwa na kila mtu kila siku hadi hakuna anayelitazama. Hapa tumelichukua neno la Kiingereza "school". Maana yake imehama mara kadhaa, na ndugu zake wamefika Kusini mwa Tanzania kwa njia tatu: shule kwa Wajerumani, skuli kwa Waingereza kupitia Zanzibar, na "escola" kwa Wareno, ambayo utaikuta ukivuka tu Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwalimu wa sekondari wa Lindi au Mtwara anaweza kulimaliza na darasa lake kwa vipindi vinne. Klabu ya lugha italihitaji Jumamosi mbili, ya pili ikiwa ya kwenda kuzungumza na wazee.

Vifaa

Chukua karatasi sita za A4 na kila moja uikate vipande vinne. Utapata kadi 24, zinazotosha neno moja na makosa yake. Kadi inalishinda daftari kwa sababu ushahidi hauji kwa mpangilio. Leo utapata jambo la mwaka 1870, kesho la karne ya sita. Kadi utazipanga upya mezani, ukurasa wa daftari utaishia kuufutafuta. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilitengenezwa hivyohivyo: wasomaji wa kujitolea walituma vikaratasi kwa posta, kila nukuu na kikaratasi chake, hadi sehemu ya kwanza ikachapwa 1884 na kazi nzima ikakamilika 1928.

Kila kadi iwe na mambo matano: umbo la neno kama lilivyoandikwa mahali ulipolikuta, lugha, mwaka au karne, maana, na shahidi. Shahidi ni kitabu na ukurasa, au mtu na kijiji chake. Kadi isiyo na shahidi itupe, hata kama ndiyo tamu kuliko zote.

Kalamu ziwe mbili. Ya bluu ni ya kile ulichokiona kimeandikwa au ulichokisikia kwa masikio yako. Nyekundu ni ya makisio. Mkianza kuandika yote kwa bluu, baada ya wiki moja hamtakumbuka lipi mlilithibitisha na lipi mlilitunga wenyewe, na kazi itakuwa imeharibika bila mtu kusema uongo wowote.

Kamusi zinahitajika za aina tatu, si tatu za aina moja. Ya kwanza ni ya historia ya Kiingereza. Ile kamili ya Oxford mtandaoni ni ya kulipia, lakini Online Etymology Dictionary ya Douglas Harper haina malipo, na kwa kuwa kurasa zake ni maandishi kwa sehemu kubwa hailii bando sana. Ya pili ni kamusi ya Kiswahili cha leo: Kamusi Kuu ya BAKITA au Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambazo hupatikana katika maktaba nyingi za mikoa na za vyuo vya ualimu. Ya tatu ni ya Kiswahili cha zamani, na hii ndiyo watu wengi huisahau. Kitabu cha sarufi na msamiati cha mmisionari Edward Steere kilichapwa 1870, na kamusi ya mmisionari mwenzake, Krapf, ilitoka 1882. Vyote viwili vimepigwa picha na kuwekwa bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Hapo angalia bando lako: kitabu kizima kilichopigwa picha ni mzigo mkubwa. Kisome ukurasa kwa ukurasa kwenye tovuti, au mtu mmoja akipakue penye Wi-Fi kisha awagawie wenzake.

Maana za leo kwanza

Kabla hamjagusa kamusi yoyote, tengeni dakika 20 kuorodhesha matumizi ya neno jinsi mnavyoyajua. Msiende mbio. Kwa "school" kundi la wanafunzi kumi kwa kawaida litafika kwenye jengo, kwenye watu waliomo ("the whole school was punished"), na kwenye muda wa masomo ("after school"), kisha litakwama. Mwalimu aongeze yaliyobaki: kitivo cha chuo kikuu, kundi la wanafikra au wachoraji wenye mwelekeo mmoja, kitenzi chenye maana ya kumfunza au kumtia mtu adabu, na kundi la samaki baharini.

Ongezeni pia tofauti za nchi, maana ndizo zinazowaangusha wasomaji wetu. Mmarekani akisema yuko "in school" anaweza kuwa ana miaka 22 na yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Na huko England "public school" si shule ya serikali. Ni shule ya kulipia, tena ghali, kama Eton iliyoanzishwa 1440. Ziliitwa za umma kwa sababu zilipokea mtoto wa popote ambaye mzazi wake aliweza kulipa, tofauti na kufundishwa nyumbani na mwalimu wa kuajiriwa. Mwanafunzi wa Tandahimba akitafsiri "public school" kuwa shule ya umma katika riwaya ya Kiingereza, mhusika tajiri atageuka mtoto wa kawaida na hadithi nzima itampotea.

Upande wa Kiswahili andikeni vilevile. Shule ni jengo, lakini mtu anayeambiwa "hana shule" hakunyimwa jengo, amenyimwa elimu. Chuo kiwekeni kwenye kadi yake peke yake, tutakirudia.

Kamusi inavyosomwa

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa hutokea. Kamusi ndogo za wanafunzi hupanga maana kwa kufuata inayotumika zaidi leo. Kamusi ya Oxford ya kihistoria hupanga kwa kufuata iliyotangulia kuandikwa. Ukichukua maana namba 1 ya kamusi ya mwanafunzi ukaiita maana ya asili, umepindua mti, matawi chini na mizizi juu. Soma kurasa za mwanzo za kamusi, zile ambazo hakuna anayezisoma: hapo ndipo wahariri wanaeleza mpangilio wao na vifupisho vya majina ya lugha.

Alama mbili zinatosha kwa kuanzia. Alama ya < husomeka "limetoka kwa". Nyota * mbele ya neno maana yake hakuna mtu aliyewahi kuliona limeandikwa: wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha ndugu. Neno lenye nyota liandikwe kwa nyekundu hata kama kitabu ni cha profesa. Kadi za wanaoanza huipoteza nyota wakati wa kunakili, na kisio la mtaalamu linageuka kuwa neno lililosemwa na babu wa Kigiriki.

Sasa fuata mnyororo kwenda nyuma, hatua moja kila mara, bila kuruka. "School" ya leo imetoka Kiingereza cha kale "scol", nayo imetoka Kilatini "schola", nacho kimetoka Kigiriki "skhole". Ile h ya katikati ambayo watoto huisahau kwenye imla haikuwapo kwa Waingereza wa kale: mshairi Chaucer, aliyefariki 1400, aliandika "scole". Ilirudishwa baadaye na watu waliotaka neno lifanane na Kilatini.

"Skhole" ni nafasi

Vitabu vingi husema "skhole" ni mapumziko au starehe, kisha vinaacha msomaji ashangae inakuwaje mapumziko yakawa shule. Tafsiri hiyo inatoka kwenye Kiingereza cha kamusi na inatudhulumu, kwa sababu Kiswahili kina neno bora zaidi. Ni nafasi. Tunaposema "sina nafasi leo" hatusemi hatuna kitanda cha kulala. Tunasema muda wetu umeshikwa na kazi. "Skhole" ya Wagiriki ilikuwa hiyo: muda usioshikwa na kazi. Shina lake lina maana ya kushika au kuzuia, yaani kujizuia na shughuli. Kinyume chake, "askholia", ndilo lililokuwa neno lao la shughuli: kukosa nafasi.

Huko Athene mwenye nafasi alikuwa mwanamume huru ambaye kazi zake zilifanywa na wengine, wakiwamo watumwa. Nafasi hiyo aliitumia kuzungumza na kubishana na wenye akili. Basi neno likahama kutoka kwenye muda hadi kwenye kilichofanyika katika muda huo, yaani mazungumzo na mihadhara. Kutoka kwenye mihadhara likaenda mahali ilipotolewa. Kutoka mahali likaenda kwa watu waliokusanyika pale. Maana ya "school" kama kundi la wanafikra inatoka hapo. Mtoto wa Newala anayekosa masomo Oktoba kwa kuwa yuko shambani anaokota korosho, kwa Kigiriki cha kale angesemwa kwa usahihi kabisa kuwa hana "skhole".

Tazama mwendo wenyewe: muda, tendo, mahali, watu. Kila hatua maana imehamia kwa jirani, haikuruka uzio. Hiki ndicho kipimo cha kazi nzima. Panga kadi mbili zinazofuatana na ujiulize maana ya pili ni jirani wa ya kwanza kwa lipi: kwa muda, kwa mahali, kwa chombo, kwa watu, kwa kufanana? Ukikosa jibu, ama kuna kadi imepotea katikati, ama unashughulika na maneno mawili tofauti. Usizibe pengo kwa hadithi. Acha nafasi mezani, upana wa kadi moja, uendelee.

Maana nazo hubadilika kwa njia nyingine, ila hazihitaji kukaliwa sana hapa. Hupanuka na hufinyika: "deer" ilikuwa mnyama yeyote, leo ni jamii ya kulungu tu. Hupanda hadhi: "nice", lililotokana na Kilatini "nescius", asiyejua, liliingia Kiingereza likiwa na maana ya mpumbavu, leo ni sifa. Hushuka: "silly" lilikuwa la mtu mwenye baraka, likaishia kwa mjinga.

Fanyeni zoezi lilelile kwa chuo. Steere, mwaka 1870, anakitafsiri chuo kuwa kitabu. Si jengo. Mwanachuoni tunayemsema hadi leo ni mtu wa vitabu, sio mwanafunzi aliyelipiwa ada na bodi ya mikopo. Kutoka kitabu, hasa cha dini, neno likahamia mahali kinaposomewa: mtoto anapelekwa chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani. Visiwani Komoro shule ya Kurani huitwa "shioni" hadi sasa, na shule ya Kifaransa huitwa "likoli", ambayo ni "l'école" iliyovaa kanzu. Huku kwetu chuo kikaendelea kupanuka hadi chuo cha ualimu na chuo kikuu, na kazi ya kuwa kitabu ikachukuliwa na neno la Kiarabu, ambalo Kiswahili kiliona silabi yake ya kwanza inafanana na ki- ya ngeli, kikalipa wingi: kitabu, vitabu. Kigiriki kilianza na muda, Kiswahili kilianza na kitu cha kushika mkononi, na vyote viwili vikaishia kwenye jengo lenye kengele.

Kupima sauti: shati na sketi

Tarehe bila sauti hazitoshi. Watu wengi husema shule ni "school" iliyobadilishwa matamshi na mdomo wa Mswahili. Lipimeni dai hilo.

Zamani sauti ya sk ilikuwapo katika lugha za jamii ya Kijerumani, kisha katika baadhi yake ikalainika kuwa sh. Kiingereza kililainisha maneno yake ya kale, kwa hiyo "scip" likawa "ship" na "fisc" likawa "fish". Lugha za Skandinavia hazikulainisha, na Waviking walipohamia England walikuja na maneno yenye sk ngumu. Ndiyo maana Kiingereza kina jozi ya ajabu: "shirt" na "skirt". Ni neno moja kwa asili, lenye maana ya nguo iliyokatwa fupi. La kwanza ni la nyumbani, la pili ni la Waviking. Yakagawana mwili, moja juu na jingine chini. Kiswahili kimeyachukua yote mawili bila kujua undugu wao, na kila asubuhi wasichana wa shule zetu wanavaa shati na sketi, neno moja mara mbili.

Rudini sasa kwa "school". Lingefuata kawaida ya "ship" lingeanza na sh, lakini kwa kuwa Kilatini cha kanisa na Kifaransa vililikumbusha kila mara, sk ikabaki. Kijerumani hakikulisamehe: kikalainisha, likawa "Schule", linalotamkwa kwa sh mwanzoni na irabu hafifu ya e mwishoni. Wekeni maneno manne mezani. "School" inaanza na sk na inaishia na konsonanti. Kiswahili kikiipokea huongeza i mwishoni, kama kilivyofanya kwa sketi. Matokeo ni skuli. "Schule" inaanza na sh na ina e yake tayari. Matokeo ni shule. Kiswahili hakina tatizo na sk, wala hakina sababu ya kuongeza e. Sauti mbili, mwanzo na mwisho, zinashuhudia jambo moja.

Kisha leteni tarehe zithibitishe. Boma la Wajerumani Mikindani lilijengwa 1895, na katika muongo huohuo serikali yao ilikuwa ikifungua shule huko Tanga. Zanzibar iliingia chini ya himaya ya Uingereza 1890. Bara shule, Visiwani skuli: ramani ya maneno inalala juu ya ramani ya watawala. Tafuteni pia maneno yaliyokuja na jahazi moja. Hela ni "Heller", sarafu ya Kijerumani iliyotolewa kuanzia 1904. Neno la mkopo haliji peke yake, na ukikuta limekuja peke yake, lichunguze mara mbili.

Onyo moja kuhusu tarehe. Kamusi ya Krapf ilichapwa 1882, kabla ya Wajerumani kutawala, basi shule usiitafute humo. Neno kutokuwamo kwenye kamusi si uthibitisho kwamba halikusemwa, ila likiwamo, unajua kwa hakika lilikuwapo kufikia mwaka huo. Andika kwenye kadi "si baada ya 1882", usiandike "lilianza 1882".

Mtego wa samaki

Kundi la samaki kwa Kiingereza huitwa pia "school". Kwa wanafunzi wa pwani, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, huu ndio mtego wa kwanza: samaki wanaogelea kwa mpangilio kama wanafunzi mstarini, basi maana imehama kwa kufanana. Inapendeza, na si kweli. Hili ni neno jingine kabisa, lililotoka Kiholanzi cha Zama za Kati, "schole", lenye maana ya kundi au kikosi, likaingia Kiingereza mwishoni mwa Zama za Kati. Halijawahi kwenda Ugiriki. Ndugu yake wa Kiingereza ni "shoal", ambalo pia ni kundi la samaki. Mnaona tena sk na sh.

Mtego una chumba cha ndani. Kuna "shoal" nyingine yenye maana ya mahali penye maji machache, fungu la mchanga ambapo mtumbwi hukwama maji yakitoka. Nayo haina undugu na ile ya samaki. Inatoka kwenye neno la kale la kina kifupi. Na Kiswahili, kama kwa makusudi, kinasema fungu kwa mchanga wa baharini na fungu kwa samaki waliopangwa mezani pale feri wakisubiri mteja. Tofauti ni kwamba kwetu zote mbili zinaweza kuelezwa kwa ujirani, kitu kilichorundikana. Tahajia moja inaweza kubeba neno moja au maneno matatu, na jicho peke yake haliwezi kujua.

Namna ya kulitambua: ukipekua kamusi ya kihistoria ukakuta neno lina vidahizo viwili, yaani limeingizwa mara mbili, vyenye namba ndogo 1 na 2, wahariri wanakwambia ni maneno mawili. Kama lina kidahizo kimoja chenye maana nyingi, wanasema ni neno moja. Wanafunzi wengi husoma kidahizo cha kwanza tu na kufunga ukurasa.

Kwenda kwa wazee

Kwa "school" yenyewe wazee hawatakusaidia, ila kwa shule na chuo wanaizidi kamusi. Tafuta watatu, na wasiwe wa nyumba moja wala mtaa mmoja. Mmoja awe wa pwani, tuseme Mikindani au Lindi mjini. Mmoja wa eneo la misheni kama Masasi, ambako Waanglikana wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) walifika 1876 wakiongozwa na Steere huyuhuyu wa kamusi, au Ndanda, walikotua Wabenediktini wa Kijerumani 1906. Wa tatu awe wa mbali na vyote viwili, Liwale kwa mfano. Pwani chuoni kulikuwapo kabla ya shule. Kwenye misheni mambo yalianza kwa mpangilio mwingine, na msamiati hufuata.

Swali ndilo linaloharibu au kutengeneza. Usiulize, "Bibi, asili ya neno chuo ni nini?" Mzee hapendi kumrudisha mjukuu mikono mitupu, atakutafutia jibu palepale, nalo litakuwa la kubuni. Uliza matumizi: "Shikamoo bibi. Zamani mkisema mtoto yuko chuoni, alikuwa yuko wapi? Akifanya nini? Na yule aliyekwenda kwa Wazungu mlisema yuko wapi?" Kisha kaa kimya. Sentensi atakayoitoa bila kufikiri ndiyo ushahidi. Maelezo atakayoyatoa baada ya kufikiri yaandike kwa nyekundu.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Ifunge kwenye matukio: kabla au baada ya Uhuru wa 1961, wakati wa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, wakati wa UPE, elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza 1977, wakati wa vita ya Kagera 1978 na 1979. Akikujibu kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, andika ulivyosikia, silabi kwa silabi, usiligeuze neno lifanane na Kiswahili. Ukilisahihisha umelifuta. Na kabla ya kuondoka mwombe ruhusa ya kuandika kijiji na umri wake. Jina lake libaki kwako.

Hadithi tamu

Wanafunzi watakuletea kwamba "school" ni kifupi cha "six cruel hours of our life". Wengine watasema "news" ni pande nne za dunia kwa Kiingereza, kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Kanuni ni rahisi: maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo yalikuwa adimu mno kabla ya karne ya 20. Neno likiwa na umri wa miaka elfu moja, kama "school", hadithi ya herufi imekufa kabla ya kuzaliwa. Na "news" ni wingi tu wa "new", mambo mapya.

Hadithi nyingine hudanganya kwa kusema kweli. Mtu atakwambia, "Maana halisi ya shule ni mapumziko, kwa hiyo tusifundishe Jumamosi." Asili ya neno ni ya kweli, hitimisho ni la uongo. Mwaka 400 kabla ya Kristo neno lilimaanisha walichomaanisha wasemaji wa siku ile, na leo linamaanisha tunachomaanisha sisi. Ukikutana na tamko la "maana halisi", uliza halisi ya mwaka gani.

Kuandika matokeo

Panga kadi mezani kutoka ya kale hadi ya leo, ng'oa nyekundu zote ambazo hazikupata shahidi, kisha andika aya moja. Isizidi maneno 100. Ikizidi, umeanza kuhadithia. Mfano:

"Shule, nomino. Kutoka Kijerumani 'Schule', kwa ushahidi wa sh ya mwanzo na e ya mwisho. Wakati wa utawala wa Kijerumani, baada ya 1885. Kijerumani kutoka Kilatini 'schola', mhadhara na mahali pa mhadhara, kutoka Kigiriki 'skhole', nafasi. Linganisha skuli, kutoka Kiingereza 'school', Zanzibar. Na 'escola', Kireno, Msumbiji. Maana ya pili: elimu, kama katika 'hana shule'. Halihusiani na 'school' ya samaki."

Mpe mtu ambaye hakushiriki aisome na aulize "umejuaje?" kwa kila sentensi. Kwa kila swali uwe na kadi ya bluu ya kumwonyesha.

Neno la pili lichukueni upande wetu: somo. Pwani ya Kusini lina angalau kadi tatu: kipindi au mada ya darasani, mwanamke anayemfunda mwari, na mtu mwenye jina kama lako. Kazi ya kadi ya pili wapewe wasichana, na waulize neno linavyotumika, sio yanayofundwa unyagoni. Hayo hayaandikwi kwenye kadi. Kadi ya kwanza na ya pili zitakaa pamoja bila shida kwa kupitia kusoma. Ya tatu, ya wajina, iacheni nafasi ya upana wa kadi moja pembeni yake hadi mzee mmoja atoe sentensi itakayoonyesha jirani yake ni ipi.